Presha yangu, mawese, na watu wangu wa Mwanga

Ushauri wote niliopewa nilipoambiwa nibadili ulaji ulihusu tumbo langu na miguu yangu. Kula hiki, acha kile, tembea nusu saa. Hakuna aliyenigusia nitafanyaje na mume wangu, mama mkwe, wifi, walimu wenzangu, na vijana wa bodaboda niliowafundisha kusoma wakiwa wadogo. Kwa maisha ya hapa Mwanga, Kigoma, hao ndio kazi yenyewe. Njaa nimeizoea, na miguu haikuchukua muda kuzoea. Watu wananisumbua mpaka leo, na wanaonisumbua zaidi ni wale wanaonipenda.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri umeshavuka arobaini. Nilikwenda kupima kwa sababu kichwa kilikuwa kinanigonga kisogoni kila nikiamka. Presha ilisoma 152 kwa 96, na sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4. Nesi alinieleza taratibu, na namshukuru hadi leo kwa kutonitisha. Presha ikipimwa mara kadhaa na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7 ni kisukari. Yangu ilikuwa imeshatoka kwenye hali nzuri lakini haijafika huko. Nikaanzishiwa dawa. Nikaambiwa chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, nipunguze mafuta na soda na ugali mwingi wa usiku, na nitembee kwa mwendo wa haraka, kwa wiki zisipungue dakika 150. Baba yangu alipooza upande mmoja kwa presha na tulimuuguza kitandani mpaka Mungu alipomchukua. Sikuhitaji kubembelezwa.

Nyumbani, wa kwanza kunirudisha nyuma alikuwa mume wangu, na hakuwahi kutamka neno baya hata moja. Anafanya kazi bandarini. Siku akichelewa huja na kitu mkononi, ndivyo alivyo tangu tuoane. Chipsi mayai na mishikaki kwenye foili, bado za moto, amezishika kwa chini ili zisimwagike. Anaziweka mezani, anasema, "Nimekukumbuka." Saa nne ya usiku, mimi nimeshakula zamani mboga zangu na kipande cha samaki. Nikisema sili, hakasiriki. Anafungua foili mwenyewe, anakula vipande viwili, anaiacha wazi pale pale katikati ya meza, anakwenda kuoga. Harufu inabaki na mimi. Asiyejua ndoa ataniambia, si ukatae tu. Ninayemkataa pale ni mwanamume aliyefanya kazi tangu asubuhi, akasimama kwenye moshi wa jiko la mtu barabarani, akanifikiria.

Tulikaa katika hali hiyo muda mrefu, mpaka siku moja akaniuliza kwa upole ulioniuma, "Sasa mama, kama hivi huli, nikuletee nini?" Nikagundua hajawahi kupewa jibu la swali hilo. Nilikuwa nimemwondolea njia ya kunipenda bila kumpa nyingine. Nikamwambia niletee papai. Niletee tikiti. Ukipita mwalo wa Kibirizi ukakuta samaki wa mgebuka mbichi, niletee, nitachoma kwa ndimu tule wote. Sasa huja na papai limefungwa kwenye gazeti, analishika kwa namna ile ile alivyokuwa anazishika chipsi, na maneno yake ni yale yale.

Hapo ndipo nilipopata njia ambayo nimeitumia kwa wengine pia, ingawa haikufanya kazi kila mahali. Mtu anayekuvuruga ulaji kwa mapenzi ana haja ya kukupa kitu. Ukizuia mkono wake atautafutia njia nyingine, na pengine kupitia kwa watoto. Mpe kitu kingine cha kukupa.

Vijana wa bodaboda walikuwa hivyo hivyo. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa tunazotumia ni zile zile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchelewa. Saa kumi na mbili asubuhi kwetu bado ni giza, na mwalimu hawezi kusubiri papambazuke ndipo atembee kisha awahi namba shuleni. Ikabidi nitembee jioni, saa kumi na moja hivi, wakati mabaraza yote yamejaa. Nikishuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni ya reli kisha nikapanda mlima kurudi, nusu saa yangu inakwisha vizuri na pumzi nimeitoa. Lakini kwenye kile kilima kila boda inasimama. "Shikamoo mwalimu! Panda, hulipi." Ni wanafunzi wangu. Kwao ni aibu kuniona natoka jasho juani na wao wana chombo. Nikisema natembea kwa afya wanacheka, wanadhani naona haya kupanda bure. Mmoja alifika mahali akazima pikipiki, akaisukuma kando yangu mpaka juu, kwa heshima tu.

Huyo nilimwomba kazi. Siku nikichelewa kutoka na giza likanikutia njiani, anapita taratibu nyuma yangu na taa yake ili magari yanione. Wenzake wakaelewa bila hotuba. Siku hizi wananipigia honi na kunihesabia, "Mwalimu, leo umechelewa!"

Kuhusu mabaraza, nilijifunza jambo ambalo kila mwanamke wa mji huu anaweza kulitumia kesho. Mwanamke mtu mzima, kavaa dera na raba, mikono mitupu, anatembea haraka, ataulizwa. Ana nini? Anakimbia nini? Kagombana na nani? Nikishika kikapu, hakuna anayeuliza. Mwenye kikapu ana safari. Kwa miezi ya mwanzo nilitembea na kikapu kitupu chenye kanga moja ndani, na kilinipa amani ambayo maelezo yote ya daktari yasingenipa. Sasa nakiacha nyumbani, wameshanizoea.

Wakati mwili ulipoanza kupungua ndipo pakawa pagumu. Magauni yalilegea mabegani, mashavu yakaingia kidogo, na maswali yakaanza sokoni na kwenye daladala. "Mwalimu, unaumwa?" "Mbona umeisha hivyo, nyumbani kuna amani?" Wenye staha hawakuniuliza mimi, walimpelekea mama mkwe, na kila lilipopita lilikua. Likafika kwamba mwanawe ananitesa. Likafika kwamba nina maradhi ninayaficha. Nilikasirika sana, kisha nikajiuliza hawa watu wameona nini maishani mwao. Rika la mama mkwe wangu ndilo lililozika vijana miaka ya 1990. Waliwaona wanakonda, wakawaosha, wakawazika, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuja kuanza kutolewa bure katika hospitali zetu mwaka 2004. Mtu aliyepita humo akiona mifupa ya shingo yako imetokeza, hofu yake ina makaburi nyuma yake. Siwezi kuiita umbea.

Na kuna heshima pia. Kwetu mke akinawiri ni sifa ya mume. Watu husema "fulani anatunzwa" kwa kumtazama mwili. Nikipungua mimi, anayehukumiwa ni yeye, na mama yake ndiye anayelisikia hilo kwanza.

Mama mkwe alikuja asubuhi moja kutoka Ujiji na kuku wawili wa kienyeji na mchele. Alikaa jikoni, hakutaka chai, akasema, "Mwanangu, niambie ukweli." Nilimwambia, lakini niliona haingii. Namba za presha kutoka mdomoni mwangu zilikuwa maneno tu. Siku ya kuchukua dawa nikamwomba anisindikize. Nesi akampa kiti, akamwamkia, akamweleza yeye badala ya kunieleza mimi: mkweo anatakiwa afanye hivi na hivi, na wewe mama ndiye wa kumsimamia. Alirudi mtu mwingine. Anayemuuliza sasa hujibiwa kwa sauti: "Mkwe wangu yuko kwenye masharti ya daktari." Watu wetu wanaheshimu masharti. Ukisema umeamua kujipunguza, utaonekana unajidai. Ukisema una masharti, utaulizwa ni yapi ili usije ukakosewa. Namshauri kila anayeanza: tumia mamlaka ya hospitali bila aibu, na mchukue mmoja wa wakubwa wa familia akasikie kwa masikio yake.

Ramadhani ikafika, nikaiogopa. Futari ya kwetu ni mihogo, magimbi, tambi, kaimati, uji mtamu, na kila nyumba inapeleka sahani kwa jirani. Yule yule mama mkwe ndiye aliyeniokoa. Ustadhi alipokumbusha mafundisho ya Mtume ya kuligawa tumbo mafungu matatu, moja la chakula, moja la kinywaji, moja la pumzi, mama aliyashika. Alinipakulia yeye mwenyewe, na aliponiona nimesita kwenye kaimati aliiondoa sahani akampa mjukuu. Sikuhitaji kusema neno.

Shuleni ilikuwa vita ya aina nyingine. Chai ya saa nne tunachangia, na ilikuwa inaletwa chupa moja kubwa imeshatiwa sukari, pamoja na maandazi na chapati. Kuomba chai kavu ilikuwa kuomba chupa ya pili, na mpishi ni mmoja. Maneno yakaja: unatugawa, hiyo daieti ni ya watu wa Dar, mwalimu amekuwa mzungu. Mwenzangu mmoja hakuniacha hata siku moja. "Kufa tutakufa tu," ataniambia, na andazi analiweka kwenye sosa yangu kwa mkono wake. Sikuwahi kumgusa kuhusu chakula chake, lakini nafikiri kila nilipoacha andazi aliona namtazama yeye. Mwenye mwili mkubwa, anayejua moyoni kwamba hajapima miaka, sahani ya jirani yake ikibadilika humuuliza swali. Nilichofanya ni kuendelea kukaa naye meza moja, kucheka naye, na kuleta karanga za kuchemsha tukala wote. Sikueleza. Kueleza kulikuwa kunamchokoza.

Sukari yenyewe ndiyo iliyomaliza ugomvi. Mwanzoni mwa 2024 ilipoadimika nchini na bei ikapanda, mchango haukutosha, ikakubaliwa chai ije kavu na kila mwalimu ajiletee yake. Sukari ilipopatikana tena, utaratibu ukabaki. Watu wawili watatu wameacha kuleta, na hakuna aliyewaambia.

Soda ni hadithi ya peke yake, na nitaipitia haraka. Kwenye kikoba chetu mwenyeji anamwekea kila mtu chupa imeshafunguliwa. Chupa ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari gramu 35, ambazo ni karibu vijiko tisa vya chai. Niliomba tu isifunguliwe yangu mpaka nikae. Isiyofunguliwa inarudi kreti, mwenyeji haoni hasara.

Mwanangu aliye chuoni ndiye aliyenisomea utafiti mmoja wa Marekani, wa Nicholas Christakis na James Fowler, uliotoka mwaka 2007. Walichukua kumbukumbu za watu 12,067 waliofuatiliwa kwa miaka 32 katika mji wa Framingham, wakatazama unene unavyotembea kati ya watu wanaojuana. Mtu ambaye rafiki yake alinenepa kupita kiasi alikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 57 wa kunenepa naye. Kwa ndugu ilikuwa asilimia 40, kwa mume na mke 37. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu hesabu zao, kwa sababu watu wanaofanana huchaguana tangu mwanzo. Lakini kilichonishangaza ni kwamba rafiki alimzidi mume. Nilifikiri sana juu ya shoga yangu.

Shoga yangu ndiye niliyeanza naye kutembea. Alinunua raba kabla yangu. Kisha yakaanza ya leo tupumzike, leo jua kali, leo tukae kidogo nikusimulie. Tunakaa, chai inakuja, vitumbua vinakuja, na jua linazama tuko pale pale barazani tunacheka. Nikiondoka peke yangu ataumia, na nisipoondoka nimepoteza siku. Nampenda yule mtu, tumezaa pamoja, tumezika pamoja. Mwisho nilibadilisha mpangilio: sitembei naye tena, natembea kwenda kwake. Nikitoka kwangu mpaka kwake kwa mzunguko wa mbali nimeshamaliza zoezi langu, ndipo nakaa naye. Chai yake nainywa kavu. Ameniuliza mara moja tu kwa nini nazunguka kote huko na njia ya mkato ipo, nikamwambia ukweli, akanyamaza. Raba zake ziko mlangoni, hazijachakaa. Sijui kama atarudi, na simsukumi.

Wapo niliowaepuka kabisa. Jirani mmoja alinifuata mara nyingi na majani ya kuchemsha akitaka niache vidonge vya presha, kwa sababu eti ukianza hutaacha. Huyo sikumtafutia kazi wala kumwekea kikapu. Dawa za presha haziachwi kwa maneno ya barazani, na mtu anayekutaka uziache, hata kama ana nia njema, msikilize ukiwa mbali. Presha yangu sasa inasoma 128 kwa 82, na inasoma hivyo kwa dawa, kwa kutembea na kwa chakula, vyote vitatu.

Na wifi. Wifi yangu ni mpishi, na anayeijua Kigoma anajua maana ya mpishi hapa: mtu wa mawese. Sombe, yaani kisamvu, maharage, mgebuka, kila kitu kinapita humo. Mawese yana wema wake. Ile rangi nyekundu ni karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, na bibi zetu hawakukosea kuwapa watoto. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda kwenye baridi na kupandisha lehemu, na kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Wifi hapimi kwa kijiko. Sombe ikishachemka mpaka majani yakalainika, anainua dumu kwa mikono miwili na kumimina, anatazama rangi inavyobadilika, anaacha mafuta yatengane pembeni mwa sufuria, ndipo anasema imeiva.

Nilikaa naye jikoni kwake Ujiji, nikamwomba anipakulie yangu kabla hajamimina. Akaweka dumu chini.

"Wifi, chakula changu kimekuwa sumu?"

"Hapana wifi. Ni masharti."

"Kidogo tu. Usile kama mgonjwa."

"Ndiyo mgonjwa, wifi."

"Usijitabirie!" Akanijibu kwa hofu ya kweli, na papo hapo akanichotea upawa mzima wa mafuta juu ya ugali, kama anayefukuza jambo baya nililolitamka.

Kwa wengi wetu kukiri ugonjwa ni kuuita, na kumlisha aliyeukiri ni kuufukuza. Nimempeleka wifi kwenye njia zote zilizofanya kazi kwa wengine. Nimemwomba anipe kitu kingine, akanipa na bado akaongeza mawese. Nimemwalika hospitali, akasema hana muda. Siku ninazokwenda kwake nakula nyumbani kwanza, nikifika nakula matonge machache pale pembeni mafuta yalipopungua, na namsifia upishi wake, sifa ninayoimaanisha, kwa sababu sombe yake haina mfano Ujiji nzima.

Mwezi ujao anamwoza binti yake, na jikoni patakuwa na masufuria ya watu mia kadhaa. Nimeomba nipewe kazi ya mboga. Tumebishana wiki nzima, mama mkwe akaingilia kati upande wangu. Amenikabidhi mchicha na maharage nipike ninavyojua. Sombe amesema ni yake, na asisogee mtu.